Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kujiunga na wadukuzi wanaharakati

Habarini wakuu. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina kibanda cha uwakala wa pesa. Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili. Kabandika kwenye laptopu kile kinyago cheupe chenye masharubu cha Anonymous (wadukuzi wanaharakati wasiojitaja majina), na sasa anadai kuna kundi limemwalika kuangusha tovuti, eti kupigania uhuru wa intaneti.

Hoja zake si za kijinga. Desemba 2010 PayPal, Visa na MasterCard zilizuia michango ya WikiLeaks (tovuti ya kufichua nyaraka za siri), Anonymous wakazifurikia tovuti zao mpaka zikalemewa. Mwaka 2011 wakawasaidia Watunisia kukwepa udhibiti wa serikali. Hili la pili namkubalia kabisa. La kwanza ndilo linanikaa kooni: ukimziba mwenzio mdomo, umetetea uhuru gani? Tena programu waliyotumia, LOIC, haikuficha anwani ya mtandaoni (IP) ya mtumiaji, vijana wakaishia mahakamani Marekani na Uingereza.

Juzi mtandao ulikata saa mbili tu. Mama mmoja muuza zabibu kasimama dirishani kwangu, simu mkononi, hela ya mzigo haitoki. Dogo alikuwepo, akanyamaza (na si kawaida yake).

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo haina utani. Nikimfokea atafanya kwa siri, namjua. Je, nimwelekeze kwenye kazi ya kutafuta mianya ya usalama kwa idhini ya mwenye mfumo? Anaanzia wapi? Aliyepitia hili anisaidie.