Mjadala: Kant na Aristotle wana kazi gani kwa msimamizi wa Mwaloni?

Mleta mada, Kirumba:
Wakuu, habari za jioni. Mchana nasimamia vijana wanaopakia magunia ya dagaa kwenye malori pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, jioni nasomea stashahada ya uongozi wa biashara. Mwalimu ametumia wiki tatu kwa wanafalsafa wawili, Aristotle wa Ugiriki ya kale na Kant wa Ujerumani. Nusu ya darasa inanung'unika: tumelipa ada tujue mishahara na hesabu za stoo, si kubishana na Wazungu waliokufa. Nami nilinung'unika.

Kilichonigeuza ni Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1911 hakuna aliyekilalamikia. Anasimulia kibarua mmoja wa kubeba chuma kwenye kiwanda cha Bethlehem, hukohuko Marekani: alikuwa akibeba tani 12.5 kwa siku, akapimwa kwa saa, akaelekezwa lini abebe na lini apumzike, akafikia tani 47. Ujira ulipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Pigeni hesabu. Mzigo umekaribia mara nne, ujira haujafika hata mara mbili, na somo linaitwa sayansi.

Mwaka jana nami nilisimama pembeni ya lori nikiwapimia vijana muda kwa simu. Kumbe swali la mtu ni nani lilishajibiwa na Taylor kabla sijabonyeza. Kant aliandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyonikaa. Hakatazi nimtumie kijana kupakia, anakataza niishie hapo. Somo libaki au liondoke?

Igogo:
Liondoke. Niliwahi kufanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Meneja ana shahada mbili, ukutani kabandika maneno ya wanafalsafa, na ukienda chooni unaandikwa dakika. Vitabu vyote hivyo havikumzuia.

Mleta mada:
Mkuu, kuna madaktari walevi pia. Tufunge vyuo vya udaktari?

Nyegezi:
Mimi siigombi falsafa, nagombana na anwani yake. Aristotle huyohuyo aliandika kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Darasani mnapewa kurasa safi tu. Na hapa nyumbani tulikuwa na Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, 1971. Kifungu cha 15 kinamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Kiswahili chepesi, wafanyakazi wa viwandani wakakielewa bila mhadhiri, wakawagomea mameneja. Kwa nini haumo kwenye mtaala wa uongozi?

Igogo:
Malizia hadithi, mkuu. Wapo waliogoma wakaishia kufukuzwa kazi.

Nyegezi:
Basi na hilo lifundishwe. Chama tawala kinaandika kwamba bosi asionee, mfanyakazi anaamini, anafukuzwa. Hapo pana mihula miwili ya falsafa, na hatujagusa Ulaya.

Mleta mada:
Nakubali Mwongozo uingie. Ila usimtoe Kant. Taylor yumo kazini kwetu tayari, nahitaji mtu wa hukohuko Magharibi wa kumjibu.

Igombe, mwanika dagaa:
Wanangu, mmeusahau mtumbwi. Tajiri ana mtumbwi, taa na nyavu. Asubuhi mafuta yanakatwa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati yake na mabaharia. Ziwa likinuna, mnasema wote wamekosa. Lakini unga waliokula kambini unaandikwa deni la baharia, siyo la tajiri. Sijasoma vitabu hivyo, ninachouliza ni kimoja: nani alikaa kikao akaamua mafuta yatoke kabla ya unga? Huyo wa kwenu ana jibu?

Igogo:
Mama ametufunga goli.

Nyegezi:
Na baharia atasema alikubali mwenyewe. Angekataa angeenda wapi?

Mleta mada:
Shikamoo mama. Kwa leo sina jibu, Alhamisi nalipeleka darasani kama lilivyo. Ila jioni hii nimewauliza vijana wenyewe wanataka nini. Wametaja mawili: wapumzike kila baada ya lori la pili, na nisiwapimie tena kwa simu. La kwanza nimekubali hapohapo. La pili nimesema nitalifikiria, wakacheka.

Igombe:
Marahaba. Wamecheka kwa sababu wanakujua.