Naomba ushauri: mama anafanyiwa upasuaji wa mgongo kwa miwani ya AR

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu, hasa madaktari na wauguzi mliomo humu, pamoja na wenzetu mlioko Marekani.

Mama yangu anaishi nami hapa Maryland. Pingili ya nne ya kiuno imeteleza juu ya ile ya tano na inabana neva. Mguu wa kushoto unakufa ganzi, hata kusimama achemshe chai kunamshinda. Tumejaribu mazoezi ya tiba, dawa na sindano za mgongoni, nafuu haidumu. Sasa amepangiwa kuunganishwa pingili kwa skrubu.

Daktari anataka kutumia miwani ya AR, yaani inayoonyesha picha ya kompyuta juu ya kitu halisi: picha ya CT (inayoonyesha mifupa ya ndani) inamtokea machoni, juu ya mgongo wenyewe, hivyo hageuki kutazama skrini. Nimesoma kwamba hospitali ya Johns Hopkins waliitumia kwa mgonjwa Juni 2020, wakaweka skrubu 6. Hilo linanipa moyo. Lakini kuna kifaa cha alama kinachofungwa kwenye mfupa ili miwani ijue mgongo ulipo; kikisogea kidogo tu, picha nayo inahama, na skrubu inapita jirani kabisa na neva. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Naomba kujua: daktari anahakikishaje katikati ya upasuaji kwamba picha haijahama? Na je, niangalie zaidi uzoefu wake wa kuweka skrubu kwa njia ya kawaida kuliko kifaa chenyewe?

Tunaonana naye Alhamisi. Natanguliza shukrani.