Nani aliwafundisha kutuma BEGIN kwa pool.query? Nimechoka kutafuta magunia ya watu

Wadau, salamu baadaye. Nimetoka Nyamakima, hapa Nairobi, saa tatu usiku na hasira zangu zote, na nisipozitua hapa zitamwangukia konda wa matatu.

Kuna mama anauza nafaka kwa jumla pale. Mwaka jana kampuni fulani ilimjengea mfumo wa mauzo: programu ya Node.js kwenye seva, databesi ya PostgreSQL chini yake, malipo ya M-Pesa. Akalipa, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Leo akaniita. Kwenye skrini ndengu ni magunia 17. Akafungua daftari lake lenye madoa ya mafuta ya mandazi, akaweka kidole: 14. Tukaingia stoo tukahesabu wenyewe. 14. "Kijana wangu," akaniambia, "hiki kitabu nilinunua shilingi mia moja na hamsini. Hiyo kompyuta yenu ilikuwa ngapi?" Si yangu, Mama. Lakini utamwambiaje.

Nikafungua msimbo. Funksheni ya kuuza ina async mbele, await (yaani "subiri hii iishe kwanza") kila mstari, mpaka nikajilaumu kwa kuwadhania vibaya. Kisha nikaona: await pool.query('BEGIN'), amri ya kufungua muamala, yaani hatua kadhaa zinazofaulu zote au kufutwa zote. Mstari unaofuata, await pool.query ya UPDATE, inayobadilisha hesabu ya magunia. Halafu await pool.query('COMMIT'), ya kufunga muamala na kuuhifadhi.

Jamani. pool si laini moja ya databesi. Ni stage ya boda, na usipobadilisha kitu, pg, maktaba inayounganisha Node na PostgreSQL, inakupa boda 10. Kila ukiita pool.query unachukua yeyote aliye huru. Kwa hiyo umemwambia wa kwanza "tunaanza safari", gunia umempa wa pili, halafu wa tatu ndiye unamwambia "tumefika". Wa pili hajui kama kuna safari. UPDATE yake inaandikwa papo hapo, na mambo yakiharibika mbele hakuna wa kuirudisha. ROLLBACK, amri ya kufuta muamala, nayo inamfikia boda ambaye hakuanza chochote. PostgreSQL inatoa onyo tu kwamba hakuna muamala unaoendelea, maisha yanasonga.

Lakini balaa lenyewe ni yule wa kwanza. Amerudi stage akiwa bado ndani ya muamala. Mteja mwingine akimpata, mauzo yake yanaingia kwenye muamala ambao hakuna anayejua uko wazi. Skrini inasema imefaulu, risiti imetoka, gunia limebebwa na mkokoteni. Labda kwa bahati COMMIT ya mtu mwingine itampitia na mambo yajinyooshe. Isipompitia, stima zikipotea au mtu akiwasha seva upya, laini inakatika na PostgreSQL inafuta kila kitu kilichokuwa ndani. Hizo ndizo ndengu zangu tatu: mauzo yamefutika, skrini inaamini magunia bado yapo.

Na msiniambie walijaribu kwanza. Najua walijaribu. Ukiwa peke yako kwenye laptopu, laini iliyofunguliwa ni moja, ikimaliza ndiyo hiyo hiyo inakuchukua tena, kila kitu kinapita njia moja na unang'aa meno. Weka wahudumu watatu kaunta mwisho wa mwezi ndipo utajua.

Nikadhani yameisha. Oda yenye bidhaa nyingi wanaipitia bidhaa moja moja kwa kitanzi cha forEach chenye async ndani. forEach haisubiri mtu! Inarusha zote, inatoka, COMMIT inapita, halafu ndipo UPDATE zinaanza kuwasili moja moja kama wageni wa harusi. Kosa likitokea humo, try/catch iliyo nje, ule mtego wa makosa, hailioni. Tangu Node 15 ya mwaka 2020, Promise (ahadi ya kazi ambayo bado haijaisha) iliyokataliwa bila mtu wa kuishika inaangusha programu nzima. Wenzetu walipoona seva inaanguka walifanya nini? Waliweka process.on('unhandledRejection'), inayopokea makosa kama hayo, yenye funksheni tupu. Tupu kabisa. Mtoto analia, wewe unaongeza sauti ya redio.

Dawa haikuhitaji profesa. pool.connect() mara moja ikupe boda mmoja (client), huyo huyo apitishwe kwa kila funksheni, kitanzi cha for...of chenye await kinachosubiri badala ya forEach, ROLLBACK kwenye catch kosa likitokea, release ya kumrudisha boda stage kwenye finally. Ukisahau release mara kumi, ombi la 11 litasubiri milele, maana pg haikati tamaa mpaka wewe uiwekee muda. Nyaraka za maktaba yenyewe zinakataza wazi kufanya miamala kwa pool.query. Ni ukurasa mfupi kuliko menyu ya kibanda.

Niliwapigia simu. Yule wa msaada akanijibu, "Bosi, hiyo ni shida ya mtandao wa huko Nyamakima." Jioni hiyo hiyo wakamtumia mama ankara ya matengenezo.

Sasa swali: nani amewahi kurudisha mauzo yaliyopotea namna hii? Yaliyolipwa kwa M-Pesa nayalinganisha na taarifa ya till, namba ya malipo ya duka, moja moja, hayo nitayamaliza. Ya pesa taslimu yako kwenye daftari tu, na mwandiko wa mama, wadau, "mah" inaweza kuwa mahindi, inaweza kuwa maharagwe, na yeye mwenyewe akiiangalia anasema inategemea siku.