Novemba 8, 2025, siku ya 39 bila mshahara kiwanja cha ndege: niache kazi au nivumilie?

Mtoto wa Ilala: Wakuu, habari za wikiendi. Niko Marekani, nakagua abiria na mizigo yao ya mkononi kiwanja cha San Francisco. Bunge la huku halijapitisha bajeti, na serikali imefungwa tangu Oktoba 1. Sisi wakaguzi na waongoza ndege tunahesabiwa watu wa lazima, yaani kazini tunakwenda ila hela hakuna. Katikati ya Oktoba nililipwa pungufu, mwisho wa mwezi sikupata kitu. Niache nikaendeshe teksi za mtandaoni? Matusi sitaki.

Fundi Pikipiki: Serikali kubwa vile inakosaje bajeti? Huku kwetu ikifika Juni ni ndiyoooo, watu wanakwenda kula.

Bi Mkubwa Tanga: Vumilia mwanangu. Marehemu mume wangu alikaa miezi mitano bila mshahara, nikaanza kukaanga maandazi. Mshahara ulikuja, maandazi sijaacha hadi leo. Vijana mnapenda nyumba za gharama.

Msukuma Viti: Usiache. Kuna sheria ya 2019, mtumishi wa serikali kuu analipwa malimbikizo yake serikali ikifunguliwa. Mwenye kilio ni mimi, nasukuma wasafiri kwenye viti vya magurudumu Seattle na mwajiri wangu ni mkandarasi. Jana serikali imeanza kupunguza safari za ndege asilimia 4 katika viwanja 40, inataka ifike 10. Ndege isiporuka hakuna wa kumsukuma, na saa zangu hakuna wa kuzifidia. Serikali ilipofungwa 2018 kuingia 2019 ilikwenda siku 35. Januari 25 waongoza ndege wachache hawakutokea kazini, ndege za kwenda kiwanja cha LaGuardia, New York, zikazuiwa kwa muda, na siku hiyohiyo wanasiasa wakakubaliana kuifungua. Subiri kidogo.

Mtoto wa Ilala: Kusubiri siwezi mkuu. Gari nimeshalikodi, naanza Jumatatu.

Shemeji Mkubwa: Kumbe umeshaamua, sisi tunashauri nini? Na haraka yote hiyo ya nini?

Mtoto wa Ilala: Kodi ya nyumba.

Shemeji Mkubwa: Kodi kila mtu anayo. Sema.

Mtoto wa Ilala: Sawa. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha Watanzania huku. Dola 3,800 za mfuko wa misiba nimezitumia, kodi na madeni. Sikuiba, nimekopa, na kwenye daftari nimeandika. Malimbikizo yakiingia narudisha yote. Tatizo Alhamisi tumefiwa, na mwili unatakiwa usafirishwe Dar Jumatano.

Fundi Pikipiki: Daftari lako, kalamu yako, ukajiidhinishia mwenyewe 😂 Mkaguzi anahitaji mkaguzi.

Bi Mkubwa Tanga: Pesa ya sanda! Innalillahi.

Mtoto wa Ilala: Mama, nisingelipa kodi tungelala nje na watoto. Nani angechangia?

Msukuma Viti: Chama kingechangia, ndiyo kazi yake. Siku mbili za teksi hazikupi dola 3,800, ukitoa mafuta na kodi ya gari. Waambie wenzako leo wapitishe mchango. Msiba haungoji Bunge.

Mchungulia Tiketi: Wakuu, mnakunywa chai ya rangi hapa. San Francisco abiria hawakaguliwi na waajiriwa wa TSA, lile shirika la serikali la ukaguzi viwanjani, ni kampuni binafsi yenye mkataba, tangu enzi za 2002. Wale wanaendelea kulipwa. Mleta uzi anakagua nini?

Shemeji Mkubwa: Na mimi nilikuwa natafuta namba nimchangie!

Fundi Pikipiki: Leteni vitafunwa.

Msukuma Viti: Kweli, San Francisco ni kampuni. Mleta uzi, jibu hilo.

Mchungulia Tiketi: Kimya. Nilijua.

Mtoto wa Ilala: Nilikuwa kazini. Niko ng'ambo ya ghuba, Oakland. Kule ni TSA wenyewe, ulizeni. Nilitaja San Francisco nisijulikane, maana Oakland Watanzania tuko wawili tu, na huyo mwingine ndiye katibu wa chama.

Mchungulia Tiketi: Oakland sawa, inaingia akilini. Ila bado nakuangalia.

Msukuma Viti: Basi katibu mnafanya naye kazi jengo moja na hujamwambia?

Mtoto wa Ilala: Nimempigia mara tatu tangu nitoke. Hapokei, yuko zamu ya jioni. Wiki iliyopita aliniomba nimkopeshe kutoka mfuko huohuo, nikamwambia katiba hairuhusu.