Tupeane uzoefu: nani ameshafika kwa Jalaram Bapa, Virpur?

Mjukuu wa Duka, Mwanza
Habari zenu wakuu. Dukani kwa bibi kulikuwa na picha ya mzee mwenye kilemba na fimbo, Jalaram Bapa, mtakatifu wa Kihindu. Alizaliwa mwaka 1799 huko Virpur, jimbo la Gujarat, India, na mwaka 1820 yeye na mkewe Virbai walianza kulisha kila apitaye, bila kuuliza dini wala kabila. Nyumba yao ndiyo hekalu la leo.

Mwaka juzi nilimpeleka mama. Shangazi zangu walikuwa wamempa pesa za kutoa sadaka, amezifunga kwenye pindo la sari. Tumezunguka, sanduku la sadaka hakuna. Mhudumu akatuambia kwa upole kwamba tangu tarehe 9 Februari 2000 hekalu halipokei hata senti, na chakula hakijawahi kukatika. Mama alilia. Tuliporudi Mwanza alizinunulia mchele na dengu, akawapikia wapagazi wa sokoni kwa siku mbili. Nanyi mlikutana na nini?

Mwanafunzi wa Rajkot
Mimi ni Mkristo wa Mbeya, nilisoma Rajkot, mji wa huko huko Gujarat. Nilifika pale na njaa ya kweli, pesa za nyumbani zilikuwa zimechelewa. Nikaketi chini kwenye mstari na wenyeji, nikapewa bundi (si ndege, ni vipunje vitamu vya unga wa dengu) na gathia, vitafunwa vya chumvi vya unga huohuo, nikaongezwa. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi hadi nimeshiba. Jioni hupikwa kichdi, ule wali unaochemshwa pamoja na dengu.

Binti wa Jinja, Leicester
Wazazi wangu walifukuzwa Uganda mwaka 1972. Picha ya Bapa ilikuja ndani ya kanga ya mama. Ipo jikoni kwangu hadi leo, na Leicester nasi tuna hekalu lake.

Mama Gathia, Dar
Kila mtu Bapa, Bapa. Mimi namtaja Virbai. Inasimuliwa kwamba nafaka ilipokwisha alitoa vito vyake vikauzwa. Kisha akaja sadhu mzee, yaani mtawa wa Kihindu, akamwomba Jalaram ampe Virbai ili awe anamtunza uzeeni. Mume hakukubali mpaka Virbai mwenyewe aliporidhia. Wakiwa njiani mzee akamwambia, "Nishikie fimbo na mkoba huu," akatoweka. Watu wakasema alikuwa Mungu anawajaribu. Fimbo na mkoba vimehifadhiwa Virpur mpaka leo. Nilipoviona sikumfikiria sadhu hata kidogo. Nilimfikiria mama yule amesimama peke yake porini, na huko nyumbani kuna wageni hawajala. Miaka sitini ya kulisha watu, mpaka Bapa anafariki mwaka 1881, ilianzia kwenye jiwe la kusagia la Virbai.

Mjukuu wa Duka, Mwanza
Mama Gathia, nimemsomea mama, anasema urudie tena. Mwanafunzi, basi la Junagadh bado linapita pale? Anataka kurudi kwa Jayanti, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bapa, wiki moja baada ya Diwali.

Mwanafunzi wa Rajkot
Linapita, mkuu. Mwambie kondakta "Virpur, Jalaram". Ila Jayanti umati ni mkubwa mno, mshike mama mkono.