Acuña ameumia, tuko 44 kwa 45: niendelee kukesha ao nilale?

Sentineli wa Depo (15 Julai 2021)

Jambo wandugu. Najua humu mnaongea mpira wa miguu, Mazembe na Lupopo wa hapa kwetu, na mimi naleta besiboli, mchezo ambao ukiutaja hapa Lubumbashi mtu anakuuliza kama ni ule wa fimbo na kampira kadogo. Ndiyo, ni ule. Mnivumilie.

Mimi nalinda usiku kwenye depo ya simenti, upande wa barabara ya Likasi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Meheba, kule Zambia, halafu wakampeleka Marekani, Clarkston, karibu na Atlanta. Anakata kuku kiwandani. Wenzake kazini wote ni wa Atlanta Braves, timu ya besiboli ya kule, naye akaingia. Na sisi tukipigiana simu maneno ya nyumbani yanakwisha upesi: mama yuko salama, unga umepanda bei, basi, kimya. Ndipo akaniingiza na mimi. Sasa ni mwaka wa nne, na simu zetu zimekuwa ndefu.

Kwao mchezo ukianza saa 1:20 jioni, kwetu ni saa 7:20 usiku, zamu yangu kamili. Siangalii video, mega za video nitazitoa wapi? Nafungua ukurasa wa matokeo. Kuna vijisanduku vitatu vimepangwa kama kilele cha paa. Mchezaji wetu akifika kituoni, kimoja kinageuka manjano. Na hii baridi ya Julai mnaijua. Naweka mbabula ya makaa katikati ya miguu, simu nimeiunga kwenye betri ya lori lililokufa pale uani, macho kwenye vijisanduku. Usiku mwingine vinabaki vyeupe mpaka jogoo anawika.

Sasa shida yenyewe. Mwaka huu tulianza kwa kupoteza michezo 4 mfululizo, na tangu hapo hatujavuka nusu, yaani ushindi kuzidi vipigo, hata siku moja. Leo tunashinda, kesho tunapigwa: ushindi 44, vipigo 45. Mwezi wa sita Mike Soroka, mrushaji wetu kijana, kano ya kisigino ikakatika tena, ileile ya mwaka jana. Halafu Jumamosi iliyopita, Miami, Ronald Acuña, mpigaji wetu mkubwa, akaruka kuudaka mpira kwenye ukuta wa kulia, akatua vibaya. Mimi niliona tu jina lake limetoka na lingine limeingia. Nikadhani intaneti imechanganyikiwa. Yaya akaniandikia neno moja: "Goti." Mwaka wake umekwisha, na alikuwa tayari ameupiga mpira ukavuka uzio mara 24.

Hata ule mchezo wa nyota wa ligi nzima, ambao ulikuwa uchezwe Atlanta, walikwisha kuuhamishia Denver kwa ugomvi wa sheria ya uchaguzi ya Georgia. Yaani hata karamu ya kwetu imeliwa kwa jirani.

Tuko michezo 4 nyuma ya New York Mets wanaoongoza kundi letu, na Philadelphia wamekaa katikati. Imebaki 73. Mwenzangu wa zamu ya mchana amenicheka mpaka nikakubali dau kwa hasira: tusipoingia mchujo wa Oktoba, nampa kilo 5 za sukari. Kwa mshahara wa sentineli.

Kwa hiyo nauliza: hapa kuna tumaini la mtu mwenye akili, ao ni ukaidi wangu tu? Na wanaojua mambo, timu ikipoteza mtu kama yule katikati ya mwaka, inanunua wachezaji ao inauza?

---

Mama Bukari

Mimi nina swali moja tu. Wewe ni mlinzi ao mtazamaji? Mwenye simenti anajua?

---

Sentineli wa Depo

Mama, heshima zako. Mwizi akiona moto wa mbabula na mtu anayepiga kelele peke yake saa 9 usiku, hakaribii. Tangu nianze besiboli hakujapotea hata mfuko mmoja.

---

Cheminot wa Katuba

Kaka, kabla sijajibu: timu ya mwisho inashuka daraja?

---

Sentineli wa Depo

Hapana. Kule hakuna kushuka. Wa mwisho anabaki palepale, mwaka kesho anaanza sawa na wote.

---

Cheminot wa Katuba

Basi unalia nini! Hayo ni mashindano ya watu wenye huruma.

Haya, sasa nitaandika jambo linaloniuma, maana mimi ni wa Lupopo, timu ya watu wa reli, manjano na buluu tangu tumboni. Mwaka 2010 wale jirani zetu, Mazembe, walimpoteza Trésor Mputu. Si goti, yeye FIFA walimfungia mwaka mzima baada ya fujo na mwamuzi kule Kigali. Mputu! Kwa timu ile alikuwa chumvi na mafuta. Sisi Katuba tulifurahi, sitaficha. Tulisema sasa wamekwisha. Mwezi wa kumi wakawapiga Espérance ya Tunisia 5 kwa 0, hapahapa Lubumbashi, wakachukua kombe la Afrika. Mwezi wa kumi na mbili, Abu Dhabi, kombe la dunia la vilabu, wakawatoa Internacional ya Brazili 2 kwa 0, wafungaji Kabangu na Kaluyituka, na kipa wao Kidiaba akarukaruka kwa makalio dunia nzima ikamwona. Fainali Inter Milan waliwafunga 3, namshukuru Mungu kwa hiyo, lakini walifika.

Kwa hiyo mtu mmoja akitoka, usizike timu. Wale waliobaki wanaacha kungoja mmoja awafanyie. Nimemaliza, msiniulize tena habari za Mazembe.

---

Mwalimu wa Hesabu, Bukavu

Nafuata huu mchezo kwa ajili ya namba zake, kwa hiyo niruhusuni.

Sentineli anaangalia mahali pabaya. Anaangalia 44 kwa 45 na anaona aibu. Aangalie ile 4. Kundi lao la Mashariki mwaka huu ni dhaifu, Mets wenyewe wana 47 kwa 40, si moto wa kutisha. Mlango wa pembeni, ule wa timu za pili, umefungwa, kwa sababu kule Magharibi San Francisco, Los Angeles na San Diego wote watatu wana nguvu. Umebaki mlango mmoja tu: kuongoza kundi. Na michezo 4 ndani ya 73 inalipika. Mwaka 2019 Washington, wa kundi hilohilo, walikuwa na ushindi 19 na vipigo 31. Mwezi wa kumi walikuwa mabingwa.

La pili ni la kwenu kabisa. Braves hawakuzaliwa Atlanta, walihamia huko 1966 kutoka Milwaukee, na kabla ya Milwaukee walikuwa Boston. Mwaka 1914, tarehe 4 Julai, walikuwa wa mwisho katika ligi, michezo 15 nyuma ya New York Giants. Wakamaliza wa kwanza, na fainali wakawapiga Philadelphia Athletics michezo 4 kwa 0. (Mwaka ule mji wenu ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, una miaka 4 tu tangu uanzishwe.) Sisemi historia inacheza mpira. Nasema 4 ni ndogo kuliko 15.

---

Dada wa Houston (16 Julai)

Jambo kutoka Texas, mimi mtoto wa Kamalondo, hapo Lubumbashi, sasa ni wa Astros, timu ya Houston, kwa hiyo Braves hawanihusu. Ila nawajibu lile swali la kununua ao kuuza, naona wote mmeliruka.

Jana jioni Atlanta wamemchukua Joc Pederson kutoka Chicago Cubs. Mwaka jana alikuwa bingwa na Dodgers, wale waliowatoa nyinyi mkiwa mnaongoza michezo 3 kwa 1, pole kwa kukukumbusha. Pederson si Acuña, asikudanganye mtu. Lakini mwenye duka anayetaka kufunga hanunui bidhaa mpya. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa tarehe 30. Angalia wanaingiza nani mpaka siku hiyo, ndipo uamue habari za sukari.

---

Sentineli wa Depo (31 Julai)

Dada, umeona? Jana kabla ya dirisha kufungwa: Jorge Soler kutoka Kansas City, Adam Duvall kutoka Miami, Eddie Rosario kutoka Cleveland, huyu bado ana jeraha. Pamoja na Pederson ni watu wanne wa uwanja wa nje mahali pa mmoja. Mwenzangu wa mchana anasema wamenunua vyuma chakavu. Soler mwaka huu kweli amepiga vibaya, sibishi. Yaya amesema tu: "Tungoje."

---

Sentineli wa Depo (7 Agosti)

Tumevuka nusu! Usiku huu, dhidi ya Washington, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Umeme ulikuwa umekatika upande wetu wote, betri ya lori ikabaki na pumzi kidogo, nikazima mwanga wa simu mpaka vijisanduku nikavisoma kwa kuweka uso karibu. Nimeunguza koti kwenye mbabula. Tundu lenyewe linaingiza kidole gumba. Mke wangu bado hajaliona.

---

Mwalimu wa Hesabu, Bukavu

Hongera. Mshonee mwenyewe kabla hajaliona.

---

Sentineli wa Depo (3 Novemba)

Sijalala na sitalala. Mabingwa. Mara ya kwanza tangu 1995. Tumemaliza msimu na ushindi 88, mdogo kuliko wa timu zote zilizoingia mchujo, na tumeshinda.

Houston, mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Astros, awamu ya tatu. Vijisanduku viwili manjano. Soler, kile chuma chakavu, akaupiga mpira, na kwenye simu yangu kila kitu kikasimama, nikadhani mega zimekwisha. Halafu vijisanduku vyote vikawa vyeupe kwa pamoja na namba ikatoka 0 ikawa 3. Yaya akapiga simu anacheka, ananieleza: ule uwanja una reli juu ya ukuta wa kushoto, na mpira umepita juu ya reli, ukatoka nje mjini. Max Fried akarusha awamu sita bila kutoa kitu. 7 kwa 0.

Sukari nimepewa kilo 3. Mbili zilizobaki anasema mwisho wa mwezi.

---

Cheminot wa Katuba

Umepita juu ya reli? Basi huyo Soler ni wa Lupopo.

---

Dada wa Houston

Leo msinisemeshe.