Mrejesho: Mzee amefanya CT ya mishipa ya moyo

Wakuu, niliuliza kama mzee wangu, anayebanwa kifua akipanda ngazi, afanye CT ya mishipa ya moyo (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ilhali kipimo cha kalsiamu kwenye mishipa hiyo kilishatoa sifuri. Amefanya, na nawashukuru sana mlionisukuma.

Sifuri ile haikutosha. Kipimo cha kalsiamu kinahesabu utando wa ukuta wa mshipa uliokwisha kukakamaa tu. Ule laini wenye mafuta, ambao ukipasuka damu huganda ghafla, hakiuoni. Kwenye CT ya mishipa mtu anachomwa dawa yenye ayodini, ndipo ukuta wa mshipa na njia ya damu vinaonekana.

Kwanza walimpima figo, maana dawa ile hutokea huko. Mapigo yalikuwa 82, wakampa kidonge cha kuyashusha ili picha isicheze, kisha wakampulizia nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi. Dawa ilipoingia akasikia joto mwili mzima, akaambiwa abane pumzi. Sekunde chache tu, kwisha.

Majibu: utando laini kwenye mshipa wa mbele wa kushoto, umeziba chini ya nusu. Hawekewi stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi). Ameanzishiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na kifua bado kinachunguzwa.

Aliyeniambia kipimo hiki ni cha kupoteza hela, asome utafiti wa SCOT-HEART wa Scotland: kwa wagonjwa 4,146, baada ya miaka 5, waliopata shambulio au kifo cha moyo walikuwa asilimia 2.3 kwa waliopimwa hivi, na 3.9 kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida tu.